Gari Moja la Kaya Tisa

Katika jengo letu huku ughaibuni, nyuma ya maduka ya Galerie d'Ixelles, kuna kaya tisa na kulikuwa na gari moja. Karatasi zilisema ni la Rolande Nabintu. Jengo lilisema ni letu. Ufunguo wa akiba ulining'inia kwenye msumari kando ya mlango wake, ghorofa ya pili, na sheria ilikuwa fupi: chukua, rudisha, mafuta yasipungue. Gari lile lilibeba viti vya matanga, magunia ya unga wa fufu, watoto wachanga kutoka hospitali, na kila Alhamisi lilimpeleka Maman Marie-Jeanne kwa daktari wake.

Rolande alitoka Bukavu na mfuko mmoja. Miaka kumi na moja alisugua sakafu za ofisi kwenye minara ya karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, akiingia kabla wenye viti hawajafika na kutoka kabla hawajamwona. Kisha akasoma jioni, akapata cheti cha kutunza wazee. Kazi aliyoipata ilikuwa nje ya jiji, katika nyumba ya wazee iliyozungukwa na mashamba, zamu ya saa kumi na mbili alfajiri. Basi la kwanza hufika huko wazee wakiwa wamekwisha kunywa kahawa. Ndipo akajifunza kuendesha gari, na umri umevuka hamsini. Alifeli mtihani mara tatu. Mara ya nne alikuja akipiga honi tangu Porte de Namur, nasi tukajaa madirishani kana kwamba kuna harusi.

Halafu ikaja barua ya jiji: kwa ajili ya hewa safi, magari ya dizeli ya umri wa gari lake hayaruhusiwi tena jijini.

Nisiwe mnafiki. Mimi niliandamana kudai hewa safi, na diploma yangu ya mipango miji, na bango mkononi. Bado naitaka hewa hiyo. Watoto wa mtaa huu wanakohoa. Lakini hewa safi ilipokuja, iliyapita magari makubwa mapya ya wenye nazo bila kuyagusa, ikapanda ngazi zetu moja kwa moja hadi ghorofa ya pili.

Gari jingine hakuliweza. Akalihamishia lile nje ya mpaka wa jiji, mtaani kwa binamu yake. Tangu siku hiyo alitoka nyumbani saa kumi, kabla ya tramu ya kwanza, akatembea saa moja na nusu ili kulifikia gari lake mwenyewe. Mara mbili magoti yalimchelewesha. Mkurugenzi, Madame Cécile, akamwambia wazi: baada ya miaka miwili ya mikataba mifupi mifupi, mkataba wa kudumu utatiwa sahihi mwisho wa mwezi. Akichelewa mara ya tatu, hautatiwa. Zilibaki siku nane.

“Maman Rolande, hii kutembeya itakuuwa,” Dan alimwambia kwenye ngazi. Dan anakaa ghorofa ya nne na anafanya kazi jikoni hotelini.

“Nilitembeya Bukavu mpaka Uvira na mutoto ku mugongo. Njo Ixelles itaniuwa?”

“Ile wakati ulikuwa jeune.”

“Na weye ulikuwa ungali unanyonya. Toka, unanifungia njia.”

Jumamosi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Rolande. Dan hakumwambia mtu. Alitoa ufunguo msumarini, akaenda hadi kwa binamu, akaliingiza gari mjini akijua kamera zitamwona na kwamba faini ataibeba yeye. Alitaka tu Maman ashuke Jumapili alikute mlangoni. Lakini nani amewahi kupata nafasi ya kuegesha Jumamosi jioni karibu na Chaussée d'Ixelles? Alizunguka karibu saa nzima, akaliacha mtaa wa nne kutoka kwetu. Rolande alikuwa amelala, na mama wa watu hagongewi mlango usingizini. Dan akatega kengele ya simu, amtangulie mlangoni, akajilaza na nguo zake baada ya zamu mbili mfululizo. Kengele ililia. Hakuisikia.

Rolande alifika mpakani saa kumi na moja na nusu, mvua inanyesha, na mahali pa gari palikuwa patupu. Akadhani limeibwa. Akampigia binamu, akawapigia polisi, akaita teksi ambayo haikuja. Basi la Jumapili lilimfikisha kazini saa mbili na nusu.

Madame Cécile hakupaza sauti. Alisema anasikitika, ila anahitaji watu wenye usafiri wa uhakika.

Jioni ile Dan, amelowa mvua, alipiga magoti kwenye zulia la sebuleni kwa Rolande.

“Maman, mimi njo nimekuharibiya kazi.”

“Simama, utalowanisha tapis yangu.” Alijaribu kucheka, akashindwa. “Ulitaka kunifanyiya anniversaire. Bon. Anniversaire imepita.”

Wiki iliyofuata Abeid, Mrundi anayesafirisha magari makuukuu kwenda kwao, alikuja kulichukua gari ambalo Rolande alimuuzia.

“Bujumbura litaishi miaka kumi mingine, Mama.”

“Na moshi yake?”

“Moshi upo. Lakini kule nani atauliza?”

Nilikuwa nimesimama pale pale, mimi mtu wa mabango, nikampokeza Abeid ufunguo wa akiba.

Juzi alipita karani wa kuhesabu magari ya kila kaya. Jengo letu limeandikwa sifuri mara tisa. Kwenye ramani yao tutapakwa kijani, na mtu ataisifu ramani hiyo mkutanini. Maman Marie-Jeanne amekosa Alhamisi mbili. Rolande amerudi kwenye minara ya Gare du Nord, kwenye ndoo na dekio alivyoviacha.

Jana alfajiri nilipanda naye tramu. Alikaa mikono mapajani, macho kwenye saa iliyo juu ya dereva: kumi na mbili kamili.

“Six heures,” akasema. “Kule kwa wazee, muzee wa chambre douze ameamuka. Hawezi kufunga vifungo vya shati ye peke yake. Anangojaka.”

Nikamwambia bila shaka wamempa mtu mwingine wa kumvalisha.

“Anangojaka,” akarudia, na tramu ikaingia kituoni.