Damu Niliyotoa kwa Niaba ya Mke Wangu

Nilisoma hadi darasa la tatu, nikatoka kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya ujinga. Nalisema hilo mapema ili mtu asisome habari hii akadhani nilifanya nilichofanya kwa kukosa akili. Akili nilikuwa nayo. Ndiyo iliyoniponza.

Miaka ile ya tisini nilikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa bweni huenda nayo shuleni. Karakana yangu ilikuwa Kawangware na nyumba yangu Gatwekera, huko Kibera, na kila siku nilitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Mke wangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, karibu na reli. Alikuwa mwanamke wa kuinua gunia peke yake, na kukutukana huku amelishika juu.

Halafu vidole vyake vikaanza kuvimba. Asubuhi alishindwa hata kuwasha kiberiti. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mwisho uso ukatoka wekundu uliopita juu ya pua na kutua kwenye mashavu yote mawili, kama mtu aliyepigwa makofi kwa haki, kila upande lake. Akikaa juani, unazidi. Majirani wakaanza kuniangalia vibaya. Mimi sijawahi kumpiga mke wangu, na siku ningejaribu, mwenye alama asingekuwa yeye.

Nikampeleka kliniki moja kule Riruta Satellite. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kusema polepole kama anayepima unga. Alibonyeza viungo, akaangalia uso, akaomba mkojo. Mkojo ukatoa povu kama bia iliyomiminwa na mtu asiyejua kazi. Hapo daktari akavua miwani.

"Nashuku ugonjwa unaoitwa lupasi," akasema. "Mwilini kuna kingamwili. Ni kama askari wa damu, kazi yao kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao wanakosea, wanapiga mwili wenyewe. Viungo, ngozi, hata figo."

"Kwani wamelewa?" mke wangu akauliza.

"Sababu hatuijui vizuri, mama. Ila wapo wa aina mbalimbali, na damu ikipimwa tutajua wako ni wa aina gani. Usichelewe. Viungo vinaweza kungoja. Figo haziwezi."

Akatupa karatasi ya kwenda nayo maabara mjini. Ilikuwa na herufi moja tu ya jina lake na jina letu la ukoo. Mahali pa kuandika kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke palikuwa patupu. Kumbukeni hapo.

Tukiwa njiani kurudi, mke wangu akasimama. "Kutoa damu siendi."

"Daktari amesema figo."

"Figo hazionekani. Foleni ya damu inaonekana."

Aliyeishi Kibera miaka hiyo hahitaji kuelezwa. Ugonjwa ule mkubwa ulikuwa umeingia kila mstari wa nyumba, na mtu akionekana tu amekunja mkono akishikilia pamba, watu walishamaliza kumzika.

"Nani atanunua omena ya maiti?" akaniuliza.

Nikafikiri siku mbili nikigonga bati. Miaka kumi na sita tulikuwa tumekula sufuria moja, tumekunywa maji ya tangi moja, tumelala blanketi moja. Damu hutengenezwa na chakula, hilo hata wa darasa la tatu analijua. Basi yake na yangu zingetofautiana wapi? Jioni nikamwambia.

Akanitazama sana. "Una akili wewe," akasema, na hayo si maneno aliyoyatoa ovyo. "Nenda. Wewe hata wakikuona, masanduku watanunua tu. Sanduku haliambukizi."

Nikaenda. Kijana wa koti jeupe akaangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Ni wewe?"

"Jina si unaliona?"

Sikudanganya. Jina lile lilikuwa langu kabla halijawa lake. Akachoma sindano. Nikaiona damu yangu ikijaa kwenye kichupa, nzito, nyekundu ya kushiba, nikajisikia kama mtu anayelipa mahari mara ya pili.

Majibu yalichukua wiki mbili. Katika wiki hizo miguu ya mke wangu ikavimba mpaka viatu vikakataa. Siku ya kurudi kliniki tulipumzika kwenye karakana yangu, akakaa juu ya sanduku langu moja. Sanduku halikubonyea. Natamani wateja wangu wangeliona.

Daktari akasoma majibu, akakunja uso. Akasoma tena.

"Hii inanishangaza," akasema. "Kipimo cha kwanza, wanaweka maji ya damu juu ya seli kwenye kioo. Kingamwili zile zikiwepo, viini vya seli vinawaka kijani kwenye darubini. Kisha wanaizimua damu, wanazimua tena, waone mwanga unakufa wapi."

Hilo nililielewa haraka kuliko alivyotarajia. Rangi ya sanduku iliyo nzuri, hata ukiizimua mara ngapi bado inashika bati. Rangi hafifu, mara moja tu na bati linaonekana. Nikamweleza.

"Sawasawa, mzee. Sasa hii imewaka kidogo sana, ikazimika mapema. Na kile kipimo cha pili, cha kingamwili zinazohusika hasa na lupasi na figo, hakikuona kitu." Akamgeukia mke wangu. "Mama, nilikuwa karibu kukuanzishia dawa kali. Lakini ni dawa yenye madhara yake, na karatasi hii inanirudisha nyuma. Labda ni baridi yabisi ya kawaida. Nikupe vidonge vya maumivu tuone miezi mitatu."

Akachukua kalamu. Nikaangalia miguu ya mke wangu. Mke wangu akanifinya paja, finyo la kuniambia ninyamaze, na vidole vile vilivyovimba vilifinya vibaya. Nataka ijulikane nilisema hali nimefinywa.

"Daktari," nikasema, "hiyo damu ni yangu."

Kalamu ikasimama. "Yako vipi?"

"Nilitoa mimi. Tunakula sufuria moja."

Mke wangu akageuza macho juu darini kama anayehesabu misumari. Daktari akatutazama mmoja mmoja, bila haraka. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na ule mkojo?"

"Mkojo ni wake. Hapo sikuweza kumsaidia."

Akageukia ukutani. Mabega yake yalitikisika muda mrefu, na aliporudi kututazama macho yalikuwa na maji. Lakini hakuwa anacheka tena.

"Mzee, unajua nilichotaka kuandika hapa? Vile vidonge vya maumivu vingine huumiza figo. Za mama tayari zinavuja. Ungemuua kwa mapenzi."

Mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe. Nimebishana na wenye nyumba, na machifu, na walimu waliosoma. Siku hiyo sikubishana. Nikauliza jambo moja tu, maana lilikuwa linaniwasha.

"Na hao askari wangu walioonekana?"

"Wachache. Watu wengi wasioumwa huwa nao kidogo, hasa umri ukisogea. Hawana neno. Karatasi peke yake haimfanyi mtu mgonjwa, wala haimponyi. Naiangalia karatasi, namwangalia na mtu. Lakini wawe wa mtu mmoja."

Nikiri kwamba wiki ile niliwaambia watu wawili watatu kule mtaa wa Raila, jirani na kwetu, kwamba damu yangu inawaka kijani. Hawakuniamini.

Tulipofika nje mke wangu akanigeukia. "Umeniaibisha," akasema.

"Ndiyo."

"Ungenyamaza ningekufa?"

"Amesema hivyo."

Akatembea hatua chache. "Basi kesho twende huko kwa foleni."

Tukaenda. Alijifunga leso mpaka puani. Mbele yetu kwenye benchi alikaa mama mwingine aliyejifunga leso mpaka puani, na macho yao yalipokutana nikamtambua: mteja wake mkubwa wa omena, wa debe zima. Wakatazamana. Hakuna aliyemsalimu mwenzake. Pale pale, bila neno, walikubaliana kwamba siku hiyo hawakuonana, na nadhani hakuna mkataba uliowahi kuheshimiwa Kibera kuliko huo.

Zamu yetu ikafika. Kijana yule yule. Akasoma karatasi, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi nyuma yake.

"Mama," akasema, "juzi ulikuwa na ndevu."

"Nilinyoa," mke wangu akajibu, akamnyooshea mkono.

Majibu yake yalipokuja, daktari hakukunja uso. Kile kijani kiliendelea kuwaka walivyozimua na kuzimua, rangi ya kweli, na kile kipimo cha pili kikapata kilichokuwa kinatafutwa. Uso, vidole, povu na karatasi vyote vikawa vinasema jambo moja. Akaanzishiwa dawa siku hiyo hiyo. Mojawapo ilikuwa klorokwini, na alikataa kuimeza mpaka aelezwe kwa nini anapewa dawa ya malaria na hana malaria. Nyingine ilimfanya uso uwe mviringo, na ale chakula chake na changu. Majirani wakasema mume wake siku hizi anapata, ona mke alivyonona. Omena zikanunuliwa. Aliuza akiwa chini ya mwavuli, maana jua alikatazwa.

Mwezi wa tano wa dawa povu likapungua. Likapungua tena. Daktari alitaka aendelee kuletewa mkojo kila mwezi auangalie, na mimi nilikuwa napita Satellite karibu kila siku nikienda kununua misumari. Nikamwambia mke wangu anipe hiyo chupa niifikishe, asijichoshe.

Akaifunga kwenye gazeti, akaiweka chini kabisa ya kikapu, akabeba kikapu kichwani, akatembea mwenyewe kutoka Gatwekera mpaka kule. Alifanya hivyo kila mwezi, hata siku za mvua na matope, mimi nikimfuata nyuma mikono mitupu.