Mama Ufizi na Mbwa Aliyeachama Mdomo

Mwanamke ninayeandika habari zake hapa ana magoti mabovu na hapendi mbwa. Alinieleza hivyo siku nilipotaka kumwajiri kwenye mabanda yangu ya mbwa wa ulinzi, nami nikaridhika, maana wanaopenda mbwa huwalisha ovyo. Alikuwa amefanya usafi miaka kumi na tisa kwa daktari wa mifugo, na kumshikia wanyama wakati wa sindano. Daktari alipozeeka akafunga kazi, yeye akabaki na macho tu. Cheti hana.

Tulivutana kuhusu mshahara. Nilitaja kiasi changu, akasema atakubali nikimnunulia mabakuli kumi na manne. Wakati huo mbwa wote walikula kwenye hori moja refu. Nikaona nimepata mteremko, nikampa mkono kabla hajabadili nia. Kumbe yeye ndiye aliyejua ananunua nini. Kwenye hori, mbwa aliyeacha kula haonekani. Wenzake wanammalizia fungu lake. Kila mmoja akiwa na bakuli lake, asubuhi hiyo hiyo unajua nani hana hamu.

Kabla ya kuwasha jiko hupita banda kwa banda. Anainua mdomo wa mbwa, anabonyeza ufizi kwa kidole gumba, anaachia, anatazama rangi ikirudi. Ukiwa wa waridi, anasonga mbele. Ukiwa umepauka, anatafuta kupe masikioni na katikati ya vidole, halafu anasubiri mbwa akojoe. Mkojo ukiwa mweusi kama chai iliyokolea, daktari aitwe leo. Anayetikisa kichwa mara kwa mara hunuswa sikio. Mtoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na mbavu za kuhesabika hupewa dawa ya minyoo. Anayehara damu hutengwa na ndoo yake. Pua hana habari nayo. Walinzi ninaowapeleka kwa wateja pamoja na mbwa wanaamini pua yenye majimaji ndiyo afya, naye amechoka kuwaambia kuwa hata mbwa mgonjwa hujilamba pua. Ndio waliompachika jina la Mama Ufizi.

Mmoja wa walinzi hao ni mume wa binti yake. Ni mcheshi, ana mikono mikubwa, na sifa yake ni kutoa mifupa iliyokwama kooni mwa mbwa. Wenzake wanamwita Fundi Koo. Yeye na mama mkwe wake walisalimiana kwa adabu na kupishana, basi.

Asubuhi moja Fundi Koo alirudi kutoka ghala la mteja akimvuta dume mmoja niliyemnunua mtaani bila kadi ya chanjo, kwa kuwa bei yake ilikuwa nzuri. Taya lilining'inia, mate yakichuruzika, na sauti ilikuwa imekauka. Fundi Koo alisema ni mfupa, nami nikasema ni mfupa. Nikamwambia afanye haraka, mteja anamtaka mbwa aliyemkodi jioni.

Mama Ufizi aliweka ndoo chini. Kwa mara ya kwanza nikamwona amesimama mbali na mbwa. Akauliza kama amekunywa maji. Fundi Koo akajibu kwamba anayalamba lakini yanamwagika yote. Juzi je? Juzi alikuwa akimrukia kila mtu, jana akashinda amejificha nyuma ya magunia.

"Usimguse, baba," akasema. "Hakuna mfupa hapo. Hicho ni kichaa cha mbwa."

Mkwe akacheka kidogo. Alikuwa ameshaingiza mkono kule ghalani, akakosa, na hapa alikuja kutafuta koleo tu. Mama Ufizi akamtaka aonyeshe huo mkono. Ulikuwa na mikwaruzo miwili ya meno kwenye kiganja.

"Hii, mama? Paka wa nyumbani ananifanyia zaidi ya hii."

Mimi nilikuwa nawaza nitampata wapi wa kushika zamu yake. Nikasema aende hospitali kesho.

"Ugonjwa huu ukishaonekana kwa mtu, hakuna daktari anayeuweza," akaniambia, bila kupandisha sauti. "Sindano ni za kabla. Kesho ya nini?"

Akamshika mkwewe kifundo cha mkono, jambo ambalo sidhani aliwahi kulifanya, akampeleka bombani na kumsugua kwa sabuni robo saa nzima, akitazama saa ya ukutani. Akiwa amenipa mgongo akaniagiza nimfungie mbwa bila kumgusa na nimwite daktari wa mifugo. Nilitii, nao wakaenda hospitali asubuhi ile ile.

Siku ya tatu mbwa akafa. Majibu ya maabara yakarudi kama alivyosema.

Sindano zenyewe si moja. Zina tarehe kwenye kadi. Ungedhani majibu yale yangetosha kumtia mtu adabu, lakini foleni humchosha mtu upesi kuliko hofu inavyomsukuma. Kila tarehe Fundi Koo alikuwa na sababu. Na kila tarehe Mama Ufizi, akiwa ameshaosha mabanda kumi na manne, alikwenda kukaa mlangoni kwake, mkoba mapajani, mpaka mkwe avae shati. Siku hizo niliwalipa wote wawili. Si wema. Kumzika mlinzi ni ghali kuliko ruhusa.

Siku ya sindano ya mwisho niliwafuata kwa gari. Walikuwa kwenye benchi nje ya hospitali, Mama Ufizi amevua viatu.

"Kwa hiyo mama, nimepona?" Fundi Koo akauliza.

"Hukuugua. Na usiingize tena mkono kwenye mdomo usioujua."

"Sawa, mama." Akasimama, akanyoosha mkono amwinue. "Twende, bosi anatungoja."

"Angoje," akasema Mama Ufizi, macho ameyafumba. "Niache kwanza nikae."

Nikazima gari.