Tairi za Theluji

Miaka ile biashara ya nje ilipofunguliwa, marehemu kaka yangu aliagiza kutoka Japani kigari cha milango miwili, chepesi na chenye mbio. Kilikuja na tairi zake za theluji, na watu wa Kyela walizisifu kwa kashata zake nene, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Alipofariki, mkewe akaanza kukiendesha kwenda kazini Ipinda.

Mvua zilipokaribia nilimpeleka duka la tairi.

"Bonyeza kwa ukucha, shemeji," nikamwambia. "Mpira wa theluji ni laini. Kwenye joto letu unalika upesi, na ukikata kona kwa kasi gari linayumba. Chukua hizi ngumu kidogo, zenye mifereji mipana ya kutoa maji. Usiogope, utazizoea."

"Nikuachie duka, bwana?" mwenye duka akanitania.

Shemeji hakucheka. "Zile za zamani zinanguruma," akasema polepole. "Nikiendesha, nasikia kama anakuja."

Hata mimi, kila nilipousikia mngurumo ule, niliinuka kwenda kumfungulia kaka.

"Watoto wamebaki na wewe tu," nikasema hatimaye.

Akaitikia kwa kichwa, zikafungwa mpya. Tuliondoka mvua ikinyesha, na gari likashika barabara vizuri. Karibu na Ipinda akapunguza mwendo, akateremsha kioo.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, shemeji."

"Hata mimi," akasema. Akakaa hivyo, mvua ikimlowesha mkono, kisha akapandisha kioo.