Pikapu Iliyolipita Basi la Kizimkazi

Ujanani, mimi na rafiki yangu mmoja tulikuwa na wazimu wa magari. Tukipata gari bovu tulilivua madigadi, tukalikata paa, tukalitia injini kubwa kuliko ile lililotoka nayo kiwandani, kisha tukatafuta barabara iliyonyooka. Vita vikaja, petroli ikawa adimu, rafiki yangu akenda Mombasa, mimi nikaoa. Nikashika useremala wa baba yangu, nikafungua duka la vitanda Mlandege. Spana zangu nilizitia kikapuni, nikazisukuma uvunguni.

Zilikaa huko mpaka miaka ya hamsini, siku niliyokwenda Kidichi kutazama gogo la mfenesi. Nyuma ya banda la karafuu niliiona pikapu ya kabla ya vita, taa zake zimetokeza kama macho ya kaa. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mwenye shamba akaniona nnavyoizunguka.

"Unaitaka?" akaniuliza.

"Unaiuza?"

"Kuuza siuzi. Nitengenezee kitanda cha samadari, uichukue."

Ilivutwa na gari la ng'ombe mpaka mlangoni kwangu. Mke wangu alitoka na mwiko mkononi. Akaitazama pikapu, akanitazama mimi, na hapo tetea mmoja akachungulia dirishani.

"Umekwenda kununua mbao, umerudi na kuku?"

"Na gari."

"Gari silioni," akasema, akamchukua kuku akarudi ndani.

Rafiki yangu alikuwa amesharudi Unguja, anaendesha lori bandarini. Nilipomwambia, hakuuliza hata swali moja. Jioni ile ile alikuja na nguo za kazi. Tulipata injini ya lori lililopinduka, nzima kabisa, ila ndefu. Ilitubidi tuusogeze nyuma ukuta wa mbele wa kibanda cha dereva, kwa hiyo akawa anakaa magoti yakigusana na usukani. Madigadi tuliyatoa. Paa tulilipunguza shubiri nzima. Kitako cha nyuma, cha kupakilia mizigo, nilikijenga kwa mfenesi, nikakipiga msasa mpaka kikang'aa. Miaka yote ile ya vitanda nilidhani nimeridhika, na kweli niliridhika. Lakini siku injini ile ilipowaka, nilicheka peke yangu kama mtoto. Bomba la moshi lilikuwa fupi na wazi, na majirani walidhani kuna radi.

"Litie kizuia sauti," mke wangu akasema.

"Nitalitia," nikasema, na sikulitia.

Sasa nimtaje mama mkwe. Alikuwa bibi wa Mjini, mnyamavu, wa heshima zake. Tangu nilipomuoa binti yake, mazungumzo yetu yalikuwa "Shikamoo, Mama," na "Marahaba, mwanangu," kisha kila mtu akaangalia pembeni. Hivyo ndivyo ilivyokuwa adabu, wala sikutaraji zaidi.

Asubuhi moja alikuja kwetu kwa miguu kutoka Darajani, anahema, na hamali nyuma yake kabeba godoro la sufi kichwani. Binti wa kaka yake alikuwa anaolewa Kizimkazi siku ile, na yeye ndiye somo wake, wa kumfunda na kumtoa. Basi lilikuwa limemwacha.

"Bila mimi bibi harusi hatoki chumbani," alimwambia mke wangu. "Na godoro lake ndilo hili."

Mke wangu akanigeukia. "Hilo dude lako linafika?"

"Linafika."

Godoro tuliliweka nyuma tukalifunga kamba. Mke wangu akapanda huko huko kulishikilia. Mama mkwe akakaa mbele pamoja nami, buibui kalibana vizuri, macho barabarani. Mpaka Fuoni mimi nilikwenda polepole kama nimebeba mayai.

Tulipoimaliza Tunguu, tukaliona vumbi la basi mbele yetu.

"Ndilo lile lililoniacha," mama mkwe akasema.

"Naam, Mama."

"Basi unangoja nini? Lipite!"

Nikakanyaga. Injini ile ya lori ikanguruma, pikapu ikaruka mbele, tukawa sambamba na basi. Abiria walitoa vichwa madirishani. Mama mkwe akatoa mkono wake wenye hina, akawapungia. Hapo nikasikia paa linagongwa kwa nguvu, ngo ngo ngo, na mke wangu anapiga kelele, lakini kwa bomba lile hatukuweza kushika hata neno moja.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Amefurahi," mama mkwe akasema. "Ongeza!"

Nikaongeza. Paa likagongwa mpaka Kizimkazi.

Tulipozima injini, wanawake walitupokea kwa vigelegele. Mke wangu akashuka, uso wote vumbi.

"Godoro," akasema.

Nikatazama nyuma. Kamba ilikuwepo.

"Liliruka pale pale mlipolipita basi! Nimegonga mpaka mkono umeniuma!"

Nikataka ardhi inimeze. Nilikuwa nshashika ufunguo nirudi njiani, mara mama mkwe akaanza kucheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Aliushika mlango wa pikapu, machozi yanamtoka, na mke wangu akajikaza, akajikaza, mwisho naye akashindwa.

Haukupita muda basi likafika, godoro limefungwa juu ya paa lake. Dereva akashuka akiuliza nani kaangusha. Mama mkwe alilipokea, akalipangusa vumbi kwa kanga yake, akaingia nalo ndani kwa bibi harusi kama hapakutokea kitu.

Jioni, wakati wa kurudi, tulikaa watu watatu mbele, tumebanana. Mama mkwe alinihadithia ujana wake njia nzima, kwa sauti ya juu ili kulishinda bomba, na mimi nilikuwa nikimjibu kwa kupiga kelele vile vile. Mke wangu katikati kaziba masikio.

Wiki iliyofuata nilitia kizuia sauti.