Jina Chini ya Picha

Kheiria hawezi kukiacha kitu bila kibandiko. Katika maktaba ya chuo chetu hapa Maskati kila rafu ina chake, kila droo ina chake, na birika limeandikwa LA CHAI TU, kwa sababu kuna mwalimu aliwahi kuchemshia mayai. Mwalimu mwenyewe ni mimi. Miaka ishirini na mbili Kheiria amefanya kazi hiyo, akija asubuhi kutoka mtaa wa Darsait, na ukimwuliza kitabu anakuonyesha kilipo bila kunyanyua macho.

Kibandiko kimoja tu kilikuwa kikimchoma, na hakukiandika yeye. Kilikuwa chini ya picha kubwa ukumbini, iliyoletwa na familia ya mwanafunzi wetu mmoja, Talal, kwa maonyesho ya urithi, ikabaki pale. Mwanamke kijana amekaa kwenye kiti cha kuchongwa, uso wazi, kanzu ya hariri, mikufu imemshuka mpaka tumboni. Ilipigwa Unguja zaidi ya miaka mia iliyopita. Kibandiko kilisema: "Bibi Jawaher, mke wa mwenye shamba la karafuu." Miaka minne Kheiria alipita chini yake kila siku, funguo mkononi, mdomo kaufunga.

Ukoo wa Talal na wangu ulitoka Unguja na majina makubwa. Watu wa kina Kheiria walikuja pamoja nasi, na jina lile lile la kabila, lakini tofauti sote tunaijua ingawa hatuitamki. Kwenye arusi, wanawake wa kwetu hukaa mbele. Mama yake, marehemu Bi Masouda, alikuwa akizunguka na chetezo, akitufukiza udi mmoja mmoja. Sikumbuki hata siku moja kumwona yeye kakaa akafukizwa. "Hawa jamaa zetu," ndivyo tulivyowatambulisha kwa wageni, na tukajiona watu wema kweli kweli.

Mimi ndiye msimamizi wa klabu ya mdahalo. Mwezi wa Februari niliwapa vijana hoja ya mbali ili wasigombane: kwamba vyuo vya kusini mwa Marekani viondoe bendera na sanamu za wale waliopigana vita kuutetea utumwa. Nilijiona nimefanya busara. Malak, msichana asiyekubali kushindwa, alitaka viondolewe vyote, akisema mwanafunzi mweusi hawezi kusoma kwa raha chini ya sanamu ya mtu aliyetaka babu yake auzwe. Talal alivitetea. Alisema watu wa Kusini wana haki ya kuwapenda wazee wao, kisha akanyoosha mkono ukutani.

"Kama sisi na picha hii. Huyu ni bibi wa bibi yangu. Nani kaudhika naye? Kwetu hapakuwa na mambo ya Marekani. Watumishi walikuwa jamaa."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nilipiga, Mungu anisamehe.

Kheiria alikuwa nyuma, amekuja kukusanya vitabu alivyowaazima. Akaviweka chini.

"Mimi nimeudhika," alisema kwa Kiswahili.

Wasiojua Kiswahili wakanigeukia, nikawa natafsiri kwa Kiarabu.

"Talal mwanangu," akasema, "huyo Bibi Jawaher, wanaume wa nje walikuwa wakimwona uso?"

"Hasha! Hata nyumbani alivaa barakoa."

"Na aliyepiga picha hii alikuwa mwanamke?"

Talal akageuka kuitazama picha. Nikaona haya mimi mwenyewe. Sisi ambao bibi zetu walimkimbia hata muuza maziwa, miaka minne tumeutazama uso ule na hakuna aliyejiuliza.

"Bwana alitaka hariri yake na dhahabu yake zionekane," Kheiria akaendelea. "Mke haonyeshwi. Basi akavishwa mjakazi. Jina lake Mastura, na ni bibi wa mama yangu. Picha ilipokwisha kupigwa akavuliwa vyote, akarudishwa jikoni. Kila khitma mama alinitajia jina hilo aombewe, kwa sababu halikuandikwa popote."

"Hayo ni maneno tu, Bi Kheiria." Talal alikuwa ametoa simu. "Nampigia bibi."

"Mpigie."

Alijibu vizuri, lakini nilimwona ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Bi Nawar, bibi yake Talal, ana miaka themanini na sita, na katika ukoo ule hakuna anayempinga. Angesema siyo, Kheiria angekuwa mwongo mbele ya chuo kizima, na Mastura asingetajwa tena ukumbini mle.

Talal akaweka simu kwa sauti kubwa, akaeleza.

"Kakwambia nani yule ni bibi yangu?" Bi Nawar akafoka. "Bibi yangu hakupigwa picha maisha yake yote! Yule Mastura. Kanilea mimi, mikono yake nnaikumbuka mpaka leo. Babako kaipenda picha, akaandika alichotaka, na mimi nikanyamaza. Nani kauliza?"

"Kheiria, wa maktaba."

"Wa Masouda? Mwambie Alhamisi nnakuja."

Hoja ya Marekani hatukuipigia kura siku ile. Malak alikuwa akilia, na Talal alikaa peke yake mpaka taa zikazimwa.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Bi Nawar aliingia kwenye kiti cha magurudumu, Talal akikisukuma, chetezo kinafuka mapajani. Mlinzi akaanza kulalamika juu ya king'ora cha moshi, nikamwambia akizime au anizime mimi. Talal akakibandua kibandiko cha zamani kwa kucha zake mwenyewe. Kheiria akabandika kipya, herufi zake zile zile za maktaba: "Mastura. Alikuwa mtumwa. Alivishwa vitu vya mke wa bwana wake ili apigwe picha." Vijana wakashangilia, na mimi nikapiga kigelegele ambacho mwalimu wa umri wangu hastahili kupiga.

Kheiria akainama kukipokea chetezo aanze kuwazungushia wageni, kama mama yake. Bi Nawar akakivuta kando.

"Sikupi. Kaa, mwanangu."

"Shikamoo Bi Nawar, mimi nimezoea..."

"Nnajua ulichozoea. Kaa. Leo nnakufukiza mimi."

Talal akamletea kiti, akakiweka mbele kabisa, chini ya picha. Kheiria akatutazama sote. Kisha akakaa, akaachia ncha ya mtandio wake juu ya moshi, na hakunyanyuka mpaka udi ulipokwisha.