Jina Ambalo Mwalimu Fadhili Hakulitaja

Saa moja asubuhi mjini Kasongo, Mwalimu Fadhili Mwinyi, 44, anafuta ubao kwa kitambaa chenye maji na kuanza kuandika. Darasa lake la historia halina kitabu hata kimoja. Leo anafundisha waandishi wa Ulaya wa karne ya kumi na nane.

"Walisema iko sheria moja, hakuna mufalme aliitunga," anawaambia wanafunzi. "Iko ndani ya kila mutu. Kwa ile sheria, mwandishi wa historia anaweza kuhukumu hata wafu."

Nafasi moja mbele iko wazi. Ni ya Consolée, binti wa wakulima wa kijiji cha Wamaza.

Mwezi uliopita Fadhili aliwatuma wanafunzi kwa wazee wao na swali: katika biashara ya watumwa iliyopita hapa, nani ahukumiwe? Alijitia kusahau kwamba Kasongo mtu haulizwi asili. Wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa wanaoana, wanazikana, na kimya ndicho kinachowaweka pamoja.

Consolée alisimama akasoma. Bibi wa bibi yake alichukuliwa Wamaza, akabadilishwa kwa chumvi. Jina la mnunuzi Consolée hakulijua.

"Mutumwa!" mmoja alipaza sauti, na darasa likaangua kicheko.

Fadhili alimjua mnunuzi. Kisa hicho cha chumvi alikisikia tangu utotoni nyumbani kwao, kikisimuliwa kwa majivuno.

"Ni babu yetu," anasema. "Ile sheria ilisema ndani yangu. Mimi nikanyamaza. Nikaita mwanafunzi mwingine asome."

Consolée hakurudi tena. Mtihani wa taifa unakaribia, na asipoufanya, elimu yake imeishia hapo. Baba yake, Asani, alituma neno: "Mutoto wangu hatarudi pale wanamucheka. Kama mwalimu iko na neno, akuje na wazee yake, sawa vile watu wanakuja kuomba musamaha juu ya damu."

Wazee wa Fadhili wamekataa katakata. "Unataka kutuvua nguo mbele ya watu?" shangazi yake, Mama Aicha, alimuuliza. Tangu siku hiyo shangazi haitikii salamu zake.

Ijumaa, baada ya sala, Fadhili atapanda pikipiki kwenda Wamaza peke yake. Huenda Asani asimfungulie mlango.

"Nitasema jina la babu pale pale inje," anasema. "Na Consolée akikubali kurudi, darasa litalisikia kwangu kwanza, kabla yeye akae."