Ukuta wa Chumba cha Mama

Wifi yangu alikuwa na kazi ambayo watu waliicheka hadi ilipowafikia: kugonga kuta. Majengo ya zamani huoza ndani kwa ndani huku rangi ya nje ikimeremeta, na yeye alizunguka na kinyundo na kifaa kilichofunzwa kwa sauti za maelfu ya kuta. Anagonga, kifaa kinasikiliza, kinatoa jibu: mzima, au mbovu. Kazini walimwita Mama Hodi. Mimi nilimtania kwamba hakuna mtu anayebisha hodi nyingi hivyo bila kukaribishwa hata maji.

Zamu ilipofika jengo alilokaa mama mkwe wangu, angeweza kumwachia mwenzake. Hakutaka. "Nyumba ya mama yangu nitaigonga mwenyewe," alisema, na kwa ubishi wake ule, nani angemzuia? Mama alikuwa mgonjwa, amelala, na usingizi wenyewe ulimjia kwa taabu baada ya kukohoa usiku kucha. Basi wifi akagonga taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mbovu. Akasogea kidogo, akagonga taratibu tena. Mbovu, ukuta wote. Ukuta ule ndio uliobeba ghorofa za juu, kwa hiyo jengo zima likahukumiwa. Mkubwa wake alisema kifaa hakina undugu na mtu, akatia saini.

Mama akahamia kwangu na mume wangu. Tulimpa chumba chenye dirisha kubwa na kitanda kizuri, lakini mgeni ni mgeni hata kwa mwanawe. Kila asubuhi alikunja shuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani.

"Mwanangu, ukuta umepona?" alimuuliza wifi.

"Mama, ukuta hauponi kama mafua."

Tulicheka wote watatu. Mama alifia mle mle, nguo zake zikiwa bado mkobani, na mpaka leo chumba kile sikipendi.

Wabomoaji walipoanza kazi, wifi alinivuta twende tukaangalie. Sijui tulifuata nini. Tulimkuta msimamizi wao amesimama mbele ya ukuta wa chumba cha mama, anajifuta jasho, amefura kwa hasira.

"Nani huyo aliyesema huu umeoza? Tangu asubuhi nyundo zinadunda tu!"

Wifi akatoa kifaa. Akagonga kwa nguvu, kama anavyogonga siku zote. Mzima. Kisha akagonga taratibu, vile alivyogonga mama akiwa amelala. Mbovu. Kifaa kilifunzwa kwa mapigo ya nguvu, na pigo dogo lilikifikia kama sauti ya ukuta ulio mtupu ndani.

Nilimshika mkono, nikamwambia ile ilikuwa huruma, si kosa. Maji yakimwagika hayazoleki, nikaongeza, na papo hapo nikajichukia kwa kumpigia methali mtu anayelia.

"Wifi," alisema, "ningemwamsha tu."